Nakula, Mama

Katika ukoo wa mke wake, fundi makochi alijulikana kwa jina la Mkwe Mfano. Hakujipachika jina hilo mwenyewe. Alipewa siku ya msiba mmoja, alipobeba viti tangu asubuhi hadi jioni bila kukaa hata kwenye kimoja, na tangu hapo kila binti wa ukoo ule akileta mchumba, mchumba aliambiwa kwanza akamtazame yule fundi, aone mtu anavyotakiwa kuwa. Jina la namna hiyo ni tamu kulisikia, ila kulibeba ni kazi. Ukishaitwa mfano huwezi tena hata kupiga miayo mbele za watu.

Kwa hiyo mama mkwe alipopatwa na kiharusi kilichomlegeza upande wa kulia, hapakuwa na mjadala kuhusu wapi ataenda kuuguzwa. Atakwenda kwa Mkwe Mfano. Mke wa fundi alifanya kazi katika duka la dawa na hakurudi mpaka jioni, lakini fundi mwenyewe karakana yake ilikuwa kibarazani pa nyumba yake, kati ya marundo ya sponji na mafremu ya makochi yaliyovuliwa nguo. Mchana kutwa wangekuwa wawili tu, yeye na mama mkwe, na dirisha la sebuleni likiwa katikati.

Mama mkwe alikuwa matroni wa wodi ya wazazi kwa muda mrefu hivi kwamba binti yake mwenyewe alimwita Matroni. Wauguzi wake walijua kwa mlio wa viatu vyake kama siku itakuwa njema au la. Sasa mkono wake wa kulia ulilala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine alioombwa aushike kidogo, na kazi aliyobakiwa nayo ilikuwa kuheshimiwa.

Na fundi alimheshimu. Tusidanganyane, alimheshimu kupita kiasi. Alijikohoza kabla ya kuingia sebuleni kwake mwenyewe. Alipita pembeni akiambaa na ukuta asije akampa mgongo. Kwenye kochi alilolishindilia sponji kwa mikono yake, akiwaapia wateja kwamba ukilikalia utasahau shida zako, alikaa ukingoni kabisa kama limeazimwa. Mazungumzo yao ya siku nzima yalikuwa haya:

“Mama, umeamkaje?”

“Salama, baba.”

“Umekula, mama?”

“Nimekula, baba.”

“Unahitaji kitu chochote?”

“Hapana, baba.”

Basi. Hapo walikuwa wamemaliza mpaka kesho. Wageni nao walikuja, wakashusha sauti mlangoni, wakamtazama kwa nyuso za huruma, wakamwambia pole, utapona tu, wakanywa chai na kuondoka. Matroni aliwajibu wiki za kwanza. Baadaye akawa anaitikia kwa kichwa. Mwishowe akaacha hata hicho, akabaki kulitazama pazia. Mtaalamu wa mazoezi alimletea mpira mdogo wa kuminya ili vidole viamke. Aliuminya mara chache kwa adabu, kisha akauacha ujiviringishie uvunguni mwa kabati, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumrudishia.

“Mama anaondoka huku tunamtazama,” mke wa fundi alimwambia mumewe jikoni, akilia bila sauti ili asisikike sebuleni. Fundi akaongeza heshima.

Sasa, adhuhuri fundi alikuwa na tabia ya kuweka nyundo chini na kucheza drafti na jirani yake, mchomeleaji mageti wa ng'ambo ya barabara. Walichezea pale pale kibarazani, chini ya dirisha, kwenye ubao uliochorwa juu ya kipande cha mbao ya mgongo wa kochi, na kete zao zilikuwa vifuniko vya soda. Tangu mama mkwe aje walicheza kwa kunong'ona. Siku moja fundi alikuwa ameshagusa kete ili aisogeze, sauti ikatoka dirishani.

“Ukisogeza hiyo, unampa tatu.”

Fundi akagandisha mkono hewani. Akatazama ubao. Kweli, zilikuwa tatu, zimejipanga zenyewe kwenye mkao wa kuliwa.

“Nyuma umeacha wazi kama mlango wa soko,” sauti ikaendelea. “Na wewe wa mageti, unacheka nini? Kona yako umeiona?”

Mchomeleaji akaacha kucheka. Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoyasema Matroni tangu aletwe. Ikabainika kwamba drafti ameicheza miaka na miaka kwenye zamu zake, kwa vifuniko vya chupa za sindano, wakati wajawazito wakiwa bado hawajaamua. Mke wa fundi alipoambiwa jioni, alikimbilia simu kumweleza mtaalamu wa mazoezi, na mtaalamu akafurahi sana. Akasema mchezo huamsha ubongo, hunyoosha vidole, hupunguza mawazo. Mgonjwa acheze kila siku. Ila jambo moja: awe anashinda, apate moyo.

“Umesikia?” mke akamwambia mumewe. “Mwache ashinde. Na usimpandishe presha.”

Ndivyo ilivyoanza, pale sebuleni, drafti yenye adabu kuliko zote zilizowahi kuchezwa chini ya jua.

Shida ya kwanza ilikuwa lugha. Kwenye drafti mtu hachukui kete ya mwenzake wala haiondoi. Anaila. Ndilo neno, hakuna jingine, na wachezaji hulitamka kwa sauti huku wakibamiza kete juu ya ubao. Lakini ni mkwe gani atamtazama mama mkwe wake usoni na kumwambia “nakula”? Na akikumbuka maana nyingine ambazo neno hilo limebeba huko vijiweni, si atatafuta shimo ajifukie? Fundi alitafakari usiku kucha na asubuhi akaja na ufumbuzi.

“Samahani, mama. Naomba kuipunguza hii.”

“Ipunguze, baba.”

Na kete yake ikiliwa yeye, alisema, “Karibu, mama.” Mchomeleaji alikuja kutazama siku moja, akashindwa kuvumilia, akaenda kumalizia kicheko chake ng'ambo ya barabara.

Shida ya pili ilikuwa kwamba fundi alitii maagizo. Alishindwa kila siku, na alishindwa kwa unyenyekevu. Matroni alishinda, akashinda tena, akasogeza kete kwa mkono wa kushoto, na kila alipomaliza kushinda alirudisha macho kwenye pazia. Watu husema mengi kuhusu faida za mchezo, ubongo na vidole na mawazo, na pengine ni kweli yote. Hakuna anayezungumzia faida ya kucheza na mtu asiyetaka kukufunga, kwa kuwa haipo.

“Baba,” Matroni akasema asubuhi moja, baada ya ushindi mwingine. “Hivi wewe ni mjinga?”

“Hapana, mama.”

“Basi kwa nini unacheza kama mjinga?”

“Ni wewe mama, unaujua sana mchezo.”

“Nimezalisha nusu ya mji huu. Mtu anayejifanya namjua kabla hajafungua mdomo. Panga upya. Na kula ni lazima. Ukiona cha kula ukakiacha, mchezo umekwisha na mimi narudi kulala.”

“Sawa, mama.”

“Na ukila, useme.”

Zamu ya fundi ilipofika na kete ya mama mkwe ikawa imejileta yenyewe mbele yake, alitazama sakafu na kusema “nakula, mama” kwa sauti ya mtu anayeungama. Akaambiwa aongeze sauti. Akaongeza. Lakini mchezaji wa drafti ni mchezaji wa drafti, hata ukimvika heshima kichwa hadi miguu, na katikati ya mchezo fundi akaona njia: kete tatu za mama mkwe, zimeachana vizuri, zinaita. Mkono ukaenda wenyewe kama ulivyozoea kwa mchomeleaji, ukabamiza, na mdomo nao ukafuata.

“Nakula. Nakula. Na hii nayo nakula. Haya, unabaki na nini?”

Kisha akasikia alichokisema.

Fundi aliliona jina lake lote, Mkwe Mfano, likitoka dirishani na kuishia barabarani. Matroni aliutazama ubao, akamtazama yeye, akautazama ubao tena. Halafu ule mkono wa mapajani, wa kulia, ukainuka. Ulikuja polepole mno, ukitetemeka, ukaikosa kete, ukarudi, ukaikamata kwa vidole viwili, ukaisogeza na kuiachia kwa kishindo kidogo ambacho kwa hisani tu ungekiita kishindo.

“Bado nipo,” alisema Matroni.

Kuanzia siku hiyo nyumba ikawa na wendawazimu wawili. Matroni aliamka mapema, akamwulizia fundi kabla hajaulizia chai. Alikataa kabisa kutumia mkono wa kushoto, si kwa ajili ya mtaalamu na vidole vyake, bali kwa sababu wa kushoto haukujua kubamiza. Alimwambia fundi kwamba amewahi kufungwa na wanawake walio kwenye uchungu waliocheza vizuri kuliko yeye. Fundi alimjibu kwamba uzee na tamaa havikai kwenye ubao mmoja. Kochi la mteja mmoja lilikaa kibarazani springi zikiwa nje mpaka mwenyewe akaja kuulizia kama bado liko hai. Na fundi, bila kujua lini ilitokea, akawa anaegemea. Alikuwa ameweka mgongo wake wote kwenye kochi lake, akagundua kwamba aliyokuwa akiwaapia wateja yalikuwa kweli.

Ila jioni, wakisikia geti, wote wawili walibadilika.

“Samahani, mama. Naomba kuipunguza hii.”

“Ipunguze, baba.”

Mke wa fundi alipita kwenda jikoni akitabasamu, akimshukuru Mungu kwa mume aliyempa.

Mambo yangeendelea hivyo kama nyumba hizo zisingekuwa zimeshikana ukuta. Upande wa pili wa ukuta wa sebule palikuwa na cherehani, na nyuma ya cherehani palikuwa na mshonaji mmoja, mwanamke mwenye roho nzuri na masikio mazuri zaidi. Cherehani ikinyamaza, alisikia. Na alichokisikia, siku baada ya siku, kilikuwa ni sauti ya mwanamume mwenye afya yake ikisema, “Nakula, mama. Na hii nayo nakula. Nakumaliza, unabaki na nini?” na sauti ya mgonjwa ikijibu, “Umenimaliza. Nimebakiwa na moja tu,” na ile ya mwanamume ikisema bila aibu, “Hiyo moja usiitegemee, naila sasa hivi.”

Mshonaji akalia machozi juu ya gauni la mtu. Alipoweza kushona tena, alikuwa ameshaamua. Hakumwambia mke wa fundi, maana mke akipenda huwa haambiliki. Alimtafuta Mjomba.

Mjomba alikuwa mdogo wake Matroni, mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye kikao asikigeuze mahakama. Alikuja Jumapili mchana, kwa gari, akiwa na wazee wawili wa ukoo ambao kazi yao ilikuwa kujikohoza inapohitajika. Fundi na Matroni walikuwa katikati ya mchezo. Mlio wa gari uliwapa muda wa kutupia kitambaa cha meza juu ya ubao, na fundi akarudi ukingoni mwa kochi. Mke wake akaitwa kutoka jikoni. Salamu zikaisha.

“Tumesikia maneno,” alisema Mjomba, “na maneno yenyewe ni mazito. Tumesikia kwamba humu ndani mgonjwa ananyang'anywa chakula. Tumesikia analalamika amebakiwa na moja, na mtu mzima anamjibu kwamba hiyo nayo ataila.”

“Hata moja,” mzee wa kwanza akasema, akitikisa kichwa.

“Hatutaki mambo marefu. Mkwe, tuambie mwenyewe. Unakula au huli?”

“Nakula, mjomba,” alisema fundi, aliyelelewa asiwadanganye wazee, “lakini...”

“Amekiri,” akasema mzee wa pili.

Mke wa fundi alimtazama mumewe kama anamwona kwa mara ya kwanza, hasa sehemu ya tumboni, ambayo kwa kweli ilikuwa imeongezeka siku hizi. Fundi angeweza kujisafisha kwa kuvuta kitambaa tu. Lakini akivuta kitambaa ingebidi aeleze maneno yale alikuwa akimwambia nani, na hapo akajikuta anapima, kwa uzito wote wa mtu aliyekuwa mfano, kipi kina nafuu: kujulikana kama mlafi anayekula chakula cha mgonjwa, au kama mtu anayemwambia mama mkwe wake kwamba atammaliza. Alikuwa karibu kuchagua ulafi.

Matroni akavuta kitambaa.

“Anachokula ni hiki,” akasema.

Wote wakainama kutazama vifuniko vya soda. Ilichukua muda kueleweka, hasa kwa mzee wa pili, aliyeuliza kama vinaliwa vikavu. Mke wa fundi alishusha pumzi, akaanza kucheka, kisha akanyamaza kwa sababu Mjomba hakuwa anacheka.

“Kwa hiyo yale maneno,” alisema Mjomba taratibu, “‘nakumaliza’, ‘unabaki na nini’, alikuwa anakwambia wewe, dada.”

“Nani mwingine anashinda hapa mchana? Na mimi namwambia.”

“Lakini mama, mbona mimi nikirudi mnasema samahani?” binti yake akauliza.

“Ukirudi tunapumzika, mwanangu.”

Mjomba akakunja mikono. Ulafi ulikuwa kosa dogo, alikuja amejiandaa kuusamehe. Hili lilikuwa jingine. Akatoa hukumu yake kwa sauti ya upole, ambayo ndiyo mbaya. Mchezo si vibaya, hata mtaalamu ameuruhusu. Lakini mkwe ni mkwe. Atacheza kwa adabu, atamfungulia mama njia ashinde, na maneno ya vijiweni atayaacha huko vijiweni. Kama hawezi, basi dada anaondoka nao leo hii. Kule kwa Mjomba chumba kimeshaandaliwa, kiko nyuma, kimya, na hakuna atakayempigia kelele.

Fundi alikijua chumba hicho. Kina mapazia mazito na mlango unaofungwa taratibu ili mgonjwa apumzike. Mtu angeweza kufia mle bila kumsumbua yeyote.

“Endeleeni basi,” alisema Mjomba. “Tuone.”

Ilikuwa zamu ya Matroni. Mkono wa kulia ukapanda mezani, ukachukua kete na kuisukuma mpaka mdomoni kabisa mwa kete ya fundi. Kula ni lazima, hilo hata Mjomba alilijua. Fundi akajikohoza.

“Samahani, mama,” akasema. “Naomba kuipunguza hii.”

Wazee wakaridhika. Matroni hakusema ipunguze. Mkono wake ulirudi nyuma, ukashuka kutoka mezani, ukalala mapajani, na macho yake yakaondoka kwenye ubao na kwenda kwenye pazia.

Fundi aliona, na akaogopa kuliko alivyoogopa maishani mwake. Aliogopa kwa sababu alimpenda mama huyu. Hakuwahi kulisema hilo hata moyoni. Kwa mkwe ulikuwa unapeleka heshima, mapenzi hakuna aliyekuagiza. Sasa alielewa kwamba akitii, Matroni atabaki hapa hapa sebuleni na atakuwa ameondoka vile vile. Akaivuta kete yake juu, akaibamiza hadi vikombe vya chai vikaruka kwenye visahani.

“Nakula,” akasema. “Tena nakula mchana kweupe mbele ya ndugu zako. Na nyuma yake naona nyingine, kwa hiyo jipange.”

Mzee wa kwanza alisahau kujikohoza. Mke wa fundi akaweka mkono mdomoni.

Matroni akageuka kutoka kwenye pazia. Alikuwa anacheka, kicheko cha upande mmoja wa uso kwa sababu upande wa pili ulikuwa bado unajifunza. Mkono ukapanda tena mezani. Ile kete aliyoitoa iliwe ilikuwa mtego, na fundi alikuwa ameingia mzima mzima.

“Nakula,” alisema Matroni, akabamiza. “Nakula. Na hii ya nyuma uliyoiacha wazi mwenyewe, ahsante, nayo nakula. Nimefika mwisho wa ubao. Nivike kingi.”

“Dada,” alisema Mjomba, amesimama. “Kusanya vitu vyako. Twende.”

“Kaa au nenda, mdogo wangu, lakini usinizibe mwanga.” Hakuinua macho. “Ninyi wote mnaniombea nipone, na nawashukuru. Huyu peke yake ndiye anayetaka nishindwe. Kila asubuhi naamka kwa ajili yake. Sasa mkinipeleka kwenye hicho chumba chenu, nitaamka kwa ajili ya nani?”

Mjomba alitafuta neno la kufungia kikao, kwa kuwa hajawahi kuondoka kwenye kikao bila neno, na safari hii hakulipata. Akachukua kofia yake. Wazee wakainuka naye, na mke wa fundi akafuata akipangusa macho kwa ncha ya kitenge, asijue kama analia au anacheka.

Mlangoni Mjomba akasita. Katika ukoo ule ilijulikana kwamba Mkwe Mfano huwasindikiza wageni wake mpaka barabarani na husimama pale, mikono nyuma, hadi gari lisionekane tena.

“Mkwe,” alisema Mjomba, “hutusindikizi?”

Fundi alisikia vizuri kabisa. Ila hakuinuka, kwa sababu zamu ilikuwa yake.